Mafuta Yaliyobadilishwa Mauritius

Leo ni zamu ya lehemu, yaani kolesteroli, na safari yetu inaanzia kisiwani Mauritius.

Mwaka 1987 watu wazima wa huko walipimwa damu, ikaonekana lehemu yao kwa wastani ni milimoli 5.5 kwa lita. Ikizidi 5, tayari ni nyingi. Serikali ilihimiza watu wabadili mtindo wa maisha, lakini haikuishia hapo. Mafuta ya kupikia ya bei nafuu, yanayonunuliwa na wengi, yalikuwa chini ya usimamizi wake, na sehemu kubwa yalikuwa mawese. Ikaagiza yawe ya soya. Mama akaenda duka lilelile, akakaanga samaki wake kama kawaida. Walipopimwa tena mwaka 1992, wastani ulikuwa umeshuka hadi 4.7.

Kwa nini? Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayoganda, ambayo hulifanya ini lizembee kuzoa lehemu kwenye damu. Ikibaki humo, hujishika kwenye kuta za mishipa ya moyo na ubongo. Asubuhi ya Juni kule Njombe utayaona mwenyewe: dumu la mawese yaliyosafishwa limekuwa jeupe, mwenye duka analitoa juani ndipo yamiminike. La alizeti kutoka Singida, pembeni yake, wala halina habari na baridi.

Ndiyo maana sipendi kusikia mgonjwa akisemwa kwamba ni mlafi. Anayepimiwa robo lita kwenye chupa aliyokuja nayo hajui ni mafuta gani. Anayejua ni aliyeyaingiza nchini, na serikali iliyomruhusu.

Huko Mauritius, hata hivyo, unene uliongezeka na kisukari hakikupungua. Mafuta ni mafuta. Hata ya alizeti yanapimwa kwa kijiko.

Lehemu haiumi wala haiwashi. Ukiwa umefika miaka 40, au una kisukari, presha, au ndugu yako wa damu alipata kiharusi akiwa bado kijana, omba kipimo hospitalini. Na ukiandikiwa dawa, usiiache kwa sababu majibu yamekuwa mazuri. Huenda ni hiyo dawa iliyoyaleta. Muulize kwanza daktari wako.