Picha Tulizohadithiwa Bwenini

(Mazungumzo ya mwanachama mwenzetu, mkazi wa Michenga, Ifakara, mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Kamati imenipa nafasi nizungumze juu ya maisha baada ya kustaafu. Waliotangulia wamesema juu ya ufugaji wa kuku na mizinga ya nyuki, na wamesema vizuri. Kuku wangu mimi waliisha kwa kideri, kwa hiyo nitasema juu ya sinema. (Kicheko)

Tulipomaliza kidato cha nne mwaka 1979 niliondoka hapa na orodha ya picha nne nilizokuwa nimeazimia kuziona kwa macho yangu kabla sijafa: Awara, Enter the Dragon, Sholay na Fimbo ya Mnyonge. Ninyi mnajua orodha hiyo ilikotoka. Wakati ule Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini sisi tulingoja hadi 1994. Hapa bondeni lilikuja gari la sinema la serikali mara mojamoja, likatundika shuka jeupe uwanjani na kutufundisha kupanda mpunga kwa mstari, sisi tuliozaliwa ndani ya mpunga.

Picha zenyewe zililetwa kwetu na treni. TAZARA ilipoanza kazi mwaka 1976, kila muhula ulipofunguliwa mwenzetu mmoja wa Ilala alishuka stesheni ya Ifakara na sanduku lake la bati, na kichwani amebeba kila kilichoonyeshwa Dar es Salaam wakati wa likizo. Simtaji jina, kwani ametangulia mbele ya haki na watoto wake hawapo hapa kumjibia, wote mnamfahamu. Taa zilipozimwa saa nne alianza. Picha moja ilichukua siku tatu. Farasi alikuwa ni viganja vyake juu ya ubao wa kitanda, na bunduki alikuwa ni kifuniko cha sanduku. Alipofika pale ambapo stelingi ananing'inia kwenye genge, alikaa kimya, kisha akauliza, "Nani ana sukari?" Wakati wa vita vya Kagera sukari ilipoadimika alikubali nusu kijiko, na kwa nusu kijiko hukupata mapigano yote.

Basi nikaajiriwa kuwa bwana shamba. Nimefanya kazi Mahenge, Malinyi na ng'ambo zote za mto Kilombero, enzi za kivuko, kabla ya daraja la mwaka 2018. Huko hakuna jumba la sinema. Nilipopata safari za Dar es Salaam fedha ilikuwa ya betri za redio na vitambaa vya watoto, na miaka ya 1990 majumba mengi ya sinema yakafungwa, mengine yakageuzwa maduka au makanisa. Orodha ikabaki mfukoni.

Mwaka 2015 nilistaafu nikarudi Michenga. Siku moja nimekwenda Ifakara kwa baiskeli kutafuta dawa ya mpunga, nikaona kibao: TUNAKODISHA SIDII. Ndani alikuwa kijana mmoja na rafu tatu za sidii zilizokwaruzwa. Masharti yake yalikuwa shilingi mia tano kwa usiku mmoja, na kadi yako ya kupigia kura inabaki kwake mpaka urudishe. Nikampa orodha yangu. Akaisoma, akanitazama, akasema, "Mzee, hizi ni za kabla yetu, lakini nitakutafutia Kariakoo." Mwanangu alikuwa ameninunulia deki, na siku umeme ulipokuwapo tulikaa sebuleni mimi, mama watoto na wajukuu.

Awara nilipewa upesi; ni picha ya 1951 na ilikwaruza, lakini Raj Kapoor alipoimba mama watoto aliitikia, naye hajui Kihindi hata neno. Enter the Dragon wajukuu waliipenda kuliko mimi. Nikawaambia kwamba Bruce Lee alifariki Julai 1973, kabla picha hiyo haijaanza kuonyeshwa, na kwamba bweni zima mwaka 1977 lilikuwa bado linakataa habari hizo.

Nataka kukaa zaidi kwenye Sholay. Mnakumbuka tulivyohadithiwa mwisho wake. Thakur, yule askari mstaafu aliyekatwa mikono na jambazi Gabbar, anammaliza Gabbar kwa mateke, na bweni zima likapiga makofi mpaka mwalimu wa zamu akaja na tochi. Sasa katika sidii ile, Thakur amekwisha kumweka Gabbar chini ya kiatu, polisi wanafika, wanamsihi aiachie sheria kazi yake, na jambazi anafungwa pingu. Mjukuu wangu akasema, "Babu, huyo rafiki yako aliwadanganya."

Baada ya mwezi kijana wa sidii akaniletea nakala nyingine, ndefu zaidi. Humo Thakur anamwua kwa miguu yake. Picha hiyo ilitolewa Agosti 1975, India ikiwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Juni mwaka huo, na wakaguzi wa filamu hawakukubali mtu aliyekuwa askari achukue sheria mkononi. Mtengenezaji wake, Ramesh Sippy, akalazimika kupiga mwisho mwingine, na huo ndio uliozunguka katika majumba ya sinema. Ule wa kwanza ulionekana miaka mingi baadaye.

Kwa hiyo mwenzetu wa Ilala hakuuona. Aliona polisi na pingu kama watu wote, akapanda treni, na mahali fulani kati ya Dar es Salaam na Ifakara akaamua kwamba mwisho ule haufai. Akautengeneza wake, nao ukawa uleule ambao mwenye picha aliunyimwa. Nilizima deki nikakaa kimya. Mjukuu nilimjibu kesho yake.

Kazi ile aliyoifanya kwa nusu kijiko cha sukari, baadaye ilikuwa ajira ya watu. Mmesikia habari za Lufufu wa Dar es Salaam, aliyekaa mbele ya kanda za kigeni akizihadithia kwa Kiswahili na kuongeza chumvi yake. Kenya wana DJ Afro, Uganda wanao wao pia. Sauti ya Lufufu imo katika sidii, naweza kuikodi. Ya mwenzetu haimo popote.

Na Fimbo ya Mnyonge? Picha yetu wenyewe, ya Kampuni ya Filamu Tanzania, ya miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Kijana alitafuta mwaka mzima hakuipata. Nikamwomba Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, hakuna. Nikamwuliza juu ya Muhogo Mchungu, ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliyocheza Mzee Rashidi Kawawa ujanani; alidhani namtania. Jambazi wa India nilimpata kwa miisho miwili, lakini Kawawa sikumpata hata mara moja. Na duka lenyewe sasa limefungwa. Vijana wanaingiziwa picha kwenye simu. Sidii zilizobaki nilizinunua, ziko kwenye debe nyumbani, na fangasi wa bonde letu hawana huruma.

Ndugu Mwenyekiti, nina maombi mawili. Mwanachama yeyote mwenye kanda au sidii ya picha hizo za nyumbani, aniazime ninakili, nitamrudishia kwa mkono wangu. La pili, mjukuu wangu yuko pale chini ya mwembe na simu ya kurekodia. Baada ya chakula naomba kila aliyelala bweni lile aende akaseme anavyokumbuka. Tuanze na Sholay, maana wa bweni la jirani wamenidokeza asubuhi kwamba wao walihadithiwa Jai hakufa. Walilipa sukari kijiko kizima.