Daftari Kwanza, Stoo Baadaye

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mwenzetu katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiomba niseme machache juu ya kazi ninayoifanya serikalini, alinionya nisizungumze lugha ya mafundi wa kompyuta. Nitajitahidi kumtii. Kwa bahati nzuri, jambo ninalotaka kulieleza nilifundishwa kwanza hapa hapa shuleni, na wakati ule lilihusu majembe.

Nilipochaguliwa kuwa kiranja wa stoo, nilikimbilia funguo. Mwalimu wa miradi akanizuia mlangoni. Akaniambia nisiguse jembe hata moja kabla sijashika daftari. Tukasimama pale, yeye, mimi na kiranja aliyekuwa akiondoka, tukasoma mstari mmoja mmoja: majembe, mafyekeo, ndoo, matoroli. Kilichoandikwa kilitafutwa mpaka kikaonekana; kilichokutwa bila kuandikwa kiliandikwa. Ndipo nikatia sahihi.

Miaka mingi baadaye nilikabidhiwa stoo ya namna nyingine. Ilikuwa kanzidata ya watumishi, yaani kumbukumbu zao zote zilizowekwa katika kompyuta. Aliyeitengeneza alikuwa amekwisha kuhama, wala hakuacha hata karatasi moja ya maelezo. Nikabaki na nywila tu, kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba asiyoijua vyumba vyake.

Ndugu wanachama, kanzidata za aina hii hupanga kumbukumbu katika majedwali yenye mistari na safu, kama daftari la mahudhurio la darasani. Aliyebuni utaratibu huo ni Edgar F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, ambaye alitoa makala yake mashuhuri mwaka 1970. Mwaka 1985 akatangaza kanuni za kupima kama kanzidata inaufuata utaratibu huo kweli. Kanuni yake ya nne inasema kwamba orodha ya vitu vilivyomo nayo ihifadhiwe katika majedwali, na isomwe kwa lugha ile ile inayotumika kusomea kumbukumbu nyingine. Kwa maneno ya stoo yetu, daftari likae ndani ya stoo, lisikae mfukoni mwa mtunza stoo. Yeye akiondoka, daftari linabaki.

Kwa hiyo sikuwa na sababu ya kulalamika kwamba sikuachiwa maelezo. Daftari lilikuwamo. Katika programu iitwayo MySQL, ambayo ndiyo tuliyokuwa tukiitumia, unaandika amri SHOW TABLES na majina yote unayoruhusiwa kuyaona yanajipanga mbele yako. Niliandika amri hiyo. Katika majina yaliyotokea lilikuwamo moja lililosomeka "watumishi". Mengine mengi yalikuwa ya herufi na tarakimu zisizo na maana kwangu. Nikafurahi kwamba nimepata nilichokuwa nikikitafuta. Hapo ndipo nilipokosea.

Naomba nieleze kosa hilo vizuri, maana ndiyo shabaha ya hotuba hii. Katika kanzidata kuna vitu viwili vinavyofanana sana kwa sura. Cha kwanza ni jedwali lenyewe, mahali kumbukumbu zilipolala. Cha pili wataalamu hukiita viu. Mimi nitakiita dirisha. Dirisha la kawaida halina kumbukumbu yoyote ndani yake. Ni swali lililopewa jina na kuwekwa akiba, na kila unapolifungua linakwenda kwenye majedwali na kukuletea sehemu fulani tu. Lina manufaa yake. Kwa mfano, karani anaweza kuoneshwa majina na vyeo bila kuona mishahara. Lakini aliyesimama dirishani haoni pembe zote za chumba.

Amri ile ya SHOW TABLES huorodhesha majedwali na madirisha pamoja, bila kuyatenganisha. Ningeongeza neno moja tu, nikaandika SHOW FULL TABLES, safu ya pili ingeniambia kipi ni jedwali la msingi na kipi ni dirisha. Sikuliandika.

Basi mkubwa wangu akataka orodha ya watumishi waliokaribia kustaafu, ili majalada yao yaanze kutayarishwa mapema. Nikaitoa siku hiyo hiyo kutoka "watumishi", nikasifiwa kwa wepesi. Kumbe "watumishi" lilikuwa dirisha, na aliyelitengeneza alilitega lioneshe wale tu ambao taarifa zao zilikuwa zimekamilika na kuhakikiwa. Wenye mapengo katika taarifa zao hawakuonekana, na hao ndio hasa waliohitaji kutayarishiwa mapema.

Mmoja wao alikuwa mhudumu wa ofisi, mzee aliyekuwa akiniletea majalada mezani kila asubuhi. Siku moja aliweka majalada, akasimama. Akaniuliza, "Mwanangu, wenzangu wote wameitwa kuleta vyeti. Mimi mbona sijaitwa?" Nikamjibu, "Mzee wangu, kompyuta haijakutoa, vuta subira." Nilimjibu hivyo nikiamini ninasema kweli. Nilipokuja kuchunguza na kuligundua jedwali la msingi, muda ulikuwa umekwisha kupita. Mzee alistaafu jalada lake likiwa na mapengo, akasubiri miezi minne bila mshahara wala pensheni. Hakunilaumu. Alikuwa akija na kukaa kwenye benchi la mapokezi, akinisalimia kwa jina kila nilipopita, na salamu hiyo ilinielemea kuliko ambavyo karipio lingenielemea.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu. Kwanza, naomba orodha kabla ya kuomba hesabu. Kanuni sanifu za lugha ya SQL za mwaka 1992 ziliweka mahali pa kuitafuta, paitwapo INFORMATION_SCHEMA, napo aina ya kila kitu imeandikwa ubavuni mwa jina lake. Baadhi ya programu, kama vile Oracle, zina majina yao ya daftari hilo, lakini daftari lipo. Pili, nikikuta dirisha, nauliza lilifunguliwa na nani na linaficha nini. Amri SHOW CREATE VIEW hulieleza lote. Tatu, nakumbuka kwamba orodha yenyewe huonesha kile tu ambacho mwombaji ameruhusiwa kukiona. Nisipoliona jedwali, siwezi kusema halipo.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja kabla sijaketi. Orodha ya wanachama inayosomwa katika mikutano yetu ni ya waliolipa ada. Ni orodha halali, na Mhazini anaihitaji. Lakini hilo ni dirisha. Mwenzetu aliyepoteza kazi, au anayeugua, anatoweka humo mwaka ule ule anaotuhitaji, nasi tunasema tuko wote. Rejesta za kuandikishwa za shule ndizo jedwali letu la msingi. Naomba kamati izifungue kwa ridhaa ya Mwalimu Mkuu, tusome mstari mmoja mmoja kama tulivyosoma pale mlangoni mwa stoo, tujue nani hayumo.

Niko tayari kusaidia kazi hiyo, na safari hii nitaanza na daftari.