Nafasi Iliyopotea: Kiharusi, Idara ya Dharura na Mizani ya Mahakama



Alfajiri ya mwaka mpya wa 1966, walinzi watatu wa usiku jijini London walikunywa chai wakaanza kutapika. Wakajikokota hadi idara ya dharura. Muuguzi akampigia simu daktari wa zamu, naye, akiwa hajisikii vizuri, akaagiza warudi nyumbani wakawaite madaktari wao. Mchana uleule mmoja wao akafariki. Chai ilikuwa na sumu ya arseniki. Katika shauri la Barnett la 1968, jaji alikubali kwamba hospitali ilikuwa na wajibu kwa marehemu na kwamba iliukiuka. Mjane akashindwa hata hivyo, kwa kuwa mumewe angekufa hata kama angelazwa papo hapo.

Anayedai fidia ya kiharusi hukutana na shauri hilo mlangoni. Uzembe unaweza kuthibitika waziwazi, na dai likaanguka.

Kiharusi huwa cha namna mbili: mshipa wa ubongo umezibwa na bonge la damu, au umepasuka. Kwa macho hakuna anayeweza kuzitofautisha kwa uhakika. Picha ya CT hutangulia kwa sababu dawa inayomfaa wa kwanza inaweza kumuua wa pili. Dawa yenyewe, alteplase, ilipata nguvu kwa utafiti wa NINDS uliochapishwa Marekani Desemba 1995, kwa waliochomwa ndani ya saa 3 tangu dalili zianze. Mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ulisogeza mpaka huo hadi saa 4 na nusu.

Mnivumilie kwenye tarakimu, maana ugomvi wote umo humo. Katika utafiti wa NINDS, baada ya miezi mitatu, kati ya wagonjwa 100 waliopewa dawa, 39 walikuwa na ulemavu mdogo sana au hawakuwa nao kabisa. Kati ya 100 ambao hawakupewa, walikuwa 26. Waliovuja damu kichwani kwa kiasi cha kuonyesha dalili walikuwa asilimia 6.4 dhidi ya 0.6. Wakili wa mgonjwa atasimama aseme dawa huongeza nafasi ya kupona kwa nusu nzima. Wa hospitali atasema huwanufaisha watu 13 tu katika 100. Wote wawili wanasema kweli (na jaji asiyependa hesabu amekwisha kupotea).

Mahakama, hata hivyo, huuliza jambo la tatu: huyu mmoja aliye mbele yetu, je, yaelekea zaidi kwamba angepona kuliko kwamba asingepona? Kati ya 100 walionyimwa, 74 walibaki na ulemavu au walifariki. Tukikadiria, 13 kati ya hao 74 ndio ambao dawa ingewaokoa. Hawafiki mmoja kwa watano. Kwa mizani ya uwezekano, kila mmoja wao hushindwa, wakiwemo wale 13 walioumizwa kweli, ambao hakuna awezaye kuwataja kwa majina. Hospitali inayowanyima wote bila sababu yoyote haitalipa hata senti.

Katika shauri la Hotson, kijana alianguka kutoka kwenye mti, nyonga ikaumia, hospitali isiligundue jeraha kwa siku tano. Jaji wa kwanza aliona kwamba angelemaa hata hivyo kwa uwezekano wa asilimia 75, akampa robo ya fidia. Mwaka 1987 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikamnyang'anya robo hiyo. Hapo ndipo ninapoachana na majaji wale. Massachusetts iliamua vingine mwaka 2008 katika Matsuyama, shauri la saratani ya tumbo: nafasi ya kupona ni kitu chenye thamani, na aliyeipoteza kwa uzembe wa daktari hulipwa kadiri yake. Texas imekataa njia hiyo, na tangu 2003 sheria yake ya huduma za dharura inamtaka mdai athibitishe makubwa zaidi ya uzembe wa kawaida.

Mahakama zetu hazifungwi na Hotson. Tanganyika ilipokea sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hukumu za baadaye hushawishi tu. Kwa hiyo napendekeza mgawo: hasara ikiwa shilingi milioni 100, mdai apate kama milioni 17 na nusu, yaani zile 13 kwa 74. Masharti ni mawili: picha ionyeshe kwamba si kiharusi cha kuvuja damu, na saa ya kuanza kwa dalili ijulikane. Saa hiyo ikikosekana kwa sababu hospitali haikuiandika, mzigo wa ushahidi uhamie kwake.

Nimeambiwa madaktari wataogopa na kumchoma sindano kila anayepooza. Hapana. Kuchoma bila picha nako ni uzembe, tena wenye madhara yanayothibitika kwa urahisi zaidi.

Nayo hospitali ya wilaya isiyo na mashine ya CT haiwezi kulaumiwa kwa kutotoa alteplase. Wajibu wake ni rufaa ya haraka, na uzembe wake upimwe tangu mgonjwa alipopokelewa hadi gari la wagonjwa lilipoitwa.