Viwanda vya Kanda Yetu na Maradhi ya Mwaka 2020

(Hotuba ya Katibu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama)



Tumepewa heshima ya kusema machache siku hii ya furaha. Historia ya Chama hatutaisimulia, kwani wako wazee wanaoijua kuliko sisi. Twapenda kuzungumza juu ya viwanda vinavyonunua jasho letu: jinsi vilivyopigwa na ugonjwa wa korona, na jinsi vilivyosimama tena. Jambo hili lina uhusiano na kura mtakayoipiga alasiri ya leo.

Sisi wa Nyakato twaishi katikati ya viwanda. Magari ya samaki na ya pamba hupita barabara ya Musoma mchana na usiku, hata mtoto mdogo hujua msimu kwa kutazama shehena tu. Basi mwaka 2020 barabara ile ilipopungua magari, hatukuhitaji kuambiwa na mtu kwamba mambo yameharibika.

Tuanze na samaki, kwa sababu wao ndio walioumia mbele ya macho yetu. Mgonjwa wa kwanza katika Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Lakini viwanda vya minofu ya sangara vya Mwanza havikungoja ugonjwa ufike Mwanza ndipo viumie. Hoteli za Ulaya zilikuwa zimefungwa, na ndege za abiria, ambazo hubeba minofu mibichi chini ya miguu ya wasafiri, ziliacha kuruka. Kwa miaka mingi minofu yetu ilikwenda kwa gari hadi Nairobi au Entebbe, ikapandishwa ndege huko. Njia hiyo ilipozibwa, kiwanda chenye vyumba vya kugandishia kiliweza kungoja kidogo. Kisicho navyo hakikuwa na la kufanya ila kupunguza manunuzi. Na kiwanda kikipunguza manunuzi, mvuvi aliyeko mwaloni hana pa kumweka sangara wake.

Dawa iliyopatikana ilikuwa njia nyingine. Katika mwaka ule ule wa 2020 ndege za mizigo zilianza tena kutua katika kiwanja chetu cha Mwanza kuchukua minofu na kuipeleka Ulaya. Jambo hilo lilikuwa likiombwa kwa miaka mingi, na maradhi ndiyo yaliyolisukuma.

Wazee waliopo hapa watakumbuka kwamba haikuwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa mwaka 1997, kipindupindu kilipoenea Afrika Mashariki, nchi za Umoja wa Ulaya zilikataa samaki wabichi wa ziwa hili. Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba hatari ya kuambukizwa kwa chakula kilichosafirishwa ni ndogo sana, lakini mnunuzi akiisha kuogopa, hasikii. Viwanda vilibadili mwenendo: wafanyakazi wakanawa na kuvaa kwa utaratibu mpya, barafu na maji vikapimwa, mialo ikatengenezwa, ukaguzi wa Serikali ukakazwa. Leo iko maabara ya samaki ya taifa pale Nyegezi. Viwanda vilipona, tena vikawa bora kuliko vilivyokuwa. Mapanki tu ndiyo yaliyobaki chakula cha wenyeji wakati wote, wala hayakuhitaji hati ya maabara yoyote!

Sasa pamba. Hapa yatupasa kusema kwa uangalifu, kwa maana wako wanachama wanaodhani kwamba korona peke yake ndiyo iliyotupunja. Sivyo. Mwaka 2019 bei dira ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, na mwaka huo huo soko la dunia lilikuwa limekwisha kuteremka kwa ugomvi wa biashara kati ya Marekani na China. Ndipo ikaja korona. Maduka ya nguo ya Ulaya na Marekani yalifuta oda, viwanda vya Bangladesh vikasimama, na mwanzoni mwa Aprili 2020 ratili moja ya pamba nyuzi ilishuka chini ya senti 50 za Marekani. Msimu wetu ulipofunguliwa bei dira ilikuwa shilingi 810. Mkulima alikuwa amekwisha kulima, kupanda na kupulizia dawa. Hakuweza kuirudisha mbegu ardhini.

Walakini kabla ya mwaka 2021 kwisha, ratili ile ile ilivuka dola moja. Msimu wa 2022 ulifunguliwa kwa shilingi 1,560. Yeyote aliyekuwa na marobota ghalani katika kipindi kile alipata faida. Je, nani alikuwa na marobota? Si sisi. Sisi tulikwisha kuuza pamba mbegu mizanini, na kila kitu kilichokuwa ndani yake kikaenda na mnunuzi.

Tazameni kilichomo. Katika kilo tatu za pamba mbegu, nyuzi ni kama kilo moja tu. Zilizobaki takriban zote ni mbegu. Mbegu hukamuliwa mafuta, na mashudu hulishwa ng'ombe. Nyuzi nyingi huuzwa ng'ambo, lakini mafuta hununuliwa hapa hapa, katika nchi ambayo huagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula kutoka nje. Mwezi Machi 2022 bei ya mafuta ya kula duniani ilifikia kilele kisichowahi kuonekana. Mwenye kinu anayekamua mbegu zake mwenyewe ana mguu wa pili wa kusimamia wakati nyuzi zimeanguka.

Huko Kitui, katika Kenya, kiwanda cha nguo cha kaunti kilikuwa kikishona sare. Korona ilipoingia mwaka 2020 kiligeuka kushona barakoa, kwa mafundi wale wale, wengi wao wanawake. Hatusemi tushone barakoa. Twasema kiwanda kile kilikuwa na kitu mkononi cha kugeuza, na sisi hatukuwa nacho.

Kwa hiyo Kamati inaleta mbele yenu pendekezo hili: sehemu ya pamba yetu ichambuliwe kwa ujira, nyuzi na mbegu zibaki mali ya Chama. Wako wanaopinga, na hoja yao ina uzito. Wanasema nyuzi zikianguka tena kama mwaka 2020, hasara itakuwa yetu, na mkulima hawezi kungoja malipo hadi robota liuzwe, kwa maana ada ya shule haingoji. Ni kweli. Ndiyo sababu Kamati haikuomba pamba yote, na ndiyo sababu malipo ya kwanza yatatolewa mizanini kama kawaida, ziada ije baadaye. Sehemu itakayotengwa ni juu yenu kuiamua. Bwana Mweka Hazina atasoma hesabu baada ya chakula. Kila mjumbe aje na nakala yake.