Siku ya Kwanza ya Mgeni Nairobi



Watu wengi wa Tanzania na wa pwani ya Kenya hudhani kwamba ajuaye Kiswahili hawezi kupotea Nairobi. Dhana hiyo ni kweli nusu tu. Lugha humwezesha mgeni kuuliza njia, lakini haimfundishi desturi za mji, wala haimlindii fedha zake.

Mfano ufaao ni huu. Mama wa makamo atoka Tanga kwenda kumtazama binti yake aliyejifungua, akaaye Kinoo, magharibi ya Nairobi. Kibindoni ana fedha walizochanga jamaa kwa ajili ya mjukuu. Basi lamshusha alfajiri karibu na River Road. Mji huu ulianza mwaka 1899 kuwa kambi ya reli iliyotoka Mombasa, na jina lake latokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi. Baridi ingaliko, maana mji u juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,800. Mwezi wa Julai mtu wa Tanga hutetemeka hapo kama mwenye homa.

Jambo la kwanza limtishalo ni kelele. Matatu zimesongamana, zimechorwa picha za kila rangi, muziki wavuma, na makanga, ambao kwao Tanga huitwa makonda, wagonga ubavu wa magari wakiita abiria. Pikipiki zapita penye nafasi na pasipo nafasi. Mara vijana wawili wamjia, kila mmoja ashika mzigo wake, wakisema watamfikisha aendako. Hapa ndipo wageni wengi hupoteza mali. Si kila ashikaye mzigo ni mwizi, lakini mgeni hana njia ya kumpambanua mchukuzi wa kweli na mlaghai. Yafaa aushike mzigo wake mwenyewe, akatae kwa adabu, kisha aingie dukani aulize njia. Mwenye duka kesho atakuwapo palepale. Mtu wa njiani hatakuwapo.

Jambo la pili ni fedha. Makanga asema "mbao", na mama afikiri ni mbao za kujengea. Kumbe ni shilingi 20. "Soo" ni shilingi 100. Hiyo ni Sheng, lugha ya vijana wa mji, wala si aibu kusema, "Mwanangu, sijafahamu, nitajie hesabu yake." Tena aulize nauli kabla ya kupanda, kwa sababu hupanda asubuhi na jioni watu wanapokuwa wengi, na mvua ikinyesha huzidi. Zamani Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja. Tangu mwaka 1966 kila nchi ina fedha yake. Kwa hiyo hapana budi kubadilisha benki au katika duka la fedha lenye kibali, si mikononi mwa mtu asiyejulikana.

Jambo la tatu ni heshima. Tanga, kijana akikutana na mama husema "Shikamoo." Nairobi kijana husema "Sasa, mathe?" akaendelea na kazi yake. Mama aumia moyoni, aona amedharauliwa. Sivyo. Shikamoo haikuenea sana bara ya Kenya, na huenda kijana yuleyule ndiye atakayempisha kiti. Mgeni asipime nyoyo za watu kwa pishi ya kwao.

Gari la kwenda Kikuyu lapita Westlands, Kangemi na Uthiru, ndipo lifike Kinoo, ambayo imo katika kaunti ya Kiambu. Barabara yaitwa Waiyaki Way, kwa jina la Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu aliyekamatwa Kabete mwaka 1892 na watu wa Kampuni ya Kiingereza, akafia Kibwezi alipokuwa akipelekwa pwani. Ni barabara pana na magari yaenda kasi. Mgeni asiwafuate wenye haraka, bali atumie daraja la waendao kwa miguu.

Mama ashuka Kinoo salama, na hapo ndipo taabu yake kubwa yaanza. Namba ya bintiye ameiweka katika simu tu, na simu imezimika kwa safari ya usiku kucha. Nyumba za ghorofa ni nyingi, zafanana, na jirani hamjui jirani. Azunguka na mzigo mpaka adhuhuri, ndipo muuza mboga amkalisha kibandani, ampa maji, na kuipeleka simu duka la pili itiwe moto. Karatasi moja, yenye jina la binti, namba yake, jina la jengo na kituo cha kushukia, ingalimwokoa taabu hiyo yote.

Katika Kiswahili kinoo ni jiwe la kunolea visu. Siku ya kwanza ugenini humkwaruza mtu vivyo hivyo, na kesho yake huamka ana makali zaidi. Wenyeji nao wakumbuke kwamba wengi wao, au wazazi wao, walishuka mjini siku moja na mzigo mkononi wasijue pa kwenda. Mgeni akiuliza njia, ajibiwe polepole, tena aelekezwe hata afahamu.