Vijana, Dansi ya Usiku, na Ukumbi Usiouza Pombe



Jambo linalowekwa mbele ya baraza hili huonwa na wengine kuwa dogo, na wengine huliona kubwa kuliko mengi ya mjini. Kila ikaribiapo Idi, vijana wa miaka 15, 16 na 17, wa Arua na wa Koboko, huomba ruhusa ya kwenda kucheza dansi usiku katika kumbi ambazo wenyewe huahidi kwamba siku hiyo hakuna pombe itakayouzwa. Hoja yao ni fupi: kilichoharimishwa ni pombe, pombe ikiondolewa, kilichobaki ni mchezo tu. Wazee nao hujibu kwa ufupi kuliko huo, nao husema hapana. Mashauri hayajengwi kwa majibu ya namna hiyo, na nyumba nyingi huishia kwa mzazi kulala akiamini mlango umefungwa, ilhali dirisha liko wazi.

Huenda sehemu ya ugomvi huu imo katika neno lenyewe. Katika miji ya bara, neno kilabu kwa masikio ya mzee ni mahali pa mitungi ya pombe ya kienyeji, pa matusi, na pa mtu kurudishwa nyumbani akibebwa. Kijana asemapo kilabu, aghalabu anafikiri taa za rangi, spika kubwa, na soda. Wawili hao hutumia neno moja, na kila mmoja anaona nyumba nyingine kabisa.

Kuna jambo jingine linalowachanganya. Sheria ya Watoto ya Uganda humhesabu mtu kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18, na sheria ya vileo haimruhusu aliye chini ya umri huo kuuziwa kileo. Bali katika fikihi ya Imamu Shafii, kubaleghe hujulikana kwa dalili zake, na dalili zisipoonekana, kwa kutimia miaka 15 ya Hijra. Basi kijana wa miaka 17 ni mtoto mbele ya hakimu, na mbele ya Mola wake ni mukallaf, mwenye kuandikiwa mema na mabaya yake. Mzazi anayemwamsha mwanawe Alfajiri kwa sababu ni mtu mzima, kisha jioni akamnyamazisha kwa sababu ni mtoto, asishangae akiona maneno yake hayana uzito. Kijana wa umri huo anastahili kupewa sababu, na sababu zipo.

Yafaa kwanza wapewe haki yao wale wanaotetea furaha. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim imesimuliwa kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao msikitini, naye Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwachia Bibi Aisha awatazame mpaka aliporidhika. Imesimuliwa pia kwamba Abubakar alipowakemea wasichana wawili waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi, Mtume alimwambia awaache. Mwenye kusema kwamba Uislamu hauna mchezo, hakuisoma habari hiyo. Lakini anayeitumia ili kuhalalisha ukumbi wa usiku naye aisome tena. Mchezo ule ulikuwa msikitini, Mtume mwenyewe akiwapo. Nyimbo zile ziliimbwa ndani ya nyumba yenye wazazi. Furaha iliruhusiwa, wala haikufichwa machoni pa wakubwa.

Sasa na itazamwe hoja kwamba pombe ndiyo hatari peke yake. Watu wa Tanzania wana kitu wanachokiita disko toto, dansi ya watoto siku za sikukuu, isiyo na kileo. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi al-Fitr, watoto wa mji wa Tabora walivaa nguo zao mpya wakaenda katika dansi ya namna hiyo. Ukumbi ulijazwa kupita kadiri. Hewa ikawa haba, wakasongamana, wakakanyagana, na watoto wapatao 20 wakafa. Siku ambayo mji huo ungekuwa unakula biriani na kupeana mkono wa Idi, ulikuwa unaosha maiti za watoto. Katika miaka iliyofuata, polisi wa mikoa kadha wa kadha ya Tanzania wamekuwa wakipiga marufuku disko toto kila ikaribiapo sikukuu. Kilichowaua watoto wale hakikutoka katika chupa. Waliuawa na ukumbi mdogo, watu wengi, na mwenye mlango ambaye hakuhesabu vichwa.

Uganda nayo imeonja uchungu huo. Usiku wa kuingia tarehe 1 Januari 2023, katika jengo la Freedom City huko Namasuba, kando ya Kampala, watu walikimbilia kutazama fataki za mwaka mpya, wakasongana katika njia nyembamba. Waliokufa hawakupungua tisa, na wengi wao walikuwa watoto na vijana. Basi mzazi atakayeuliza kama kuna pombe, akajibiwa hakuna, akatulia, ameuliza swali moja na kuacha mengine yaliyo mazito zaidi. Ukumbi una milango mingapi? Wakati wa dansi iko wazi, au imefungwa kwa kufuli ili asiingie asiyelipa? Taa ikizimika ghafla, nani ana tochi? Wangapi watauziwa tiketi? Mwenye ukumbi hupata faida kwa kila kichwa kinachoingia, na mtu wa namna hiyo si wa kuachiwa peke yake kazi ya kuamua vichwa vingapi vinatosha.

Hata hiyo ahadi ya kutouza pombe, yapasa kupimwa. Asiyeuza ndani hazuii kunywewa nje. Serikali ya Uganda ilipiga marufuku pombe ya vifuko mwaka 2019, na shisha ilikwisha katazwa na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015. Lakini Koboko iko pale zinapokutana Uganda, Kongo na Sudan Kusini, na kila mkazi wake anajua kwamba njia za miguu mpakani ni nyingi kuliko askari. Kifuko cha pombe hujificha katika soksi, na fungu la mairungi katika mfuko wa koti. Tena kuna barabara. Kutoka Koboko mpaka Arua ni zaidi ya kilomita 50 za lami, na kijana atokaye dansini saa nane za usiku hurudi kwa bodaboda, pengine watatu juu ya pikipiki moja, dereva akiwa hajalala tangu asubuhi.

Mpaka hapa wazee watakuwa wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Wasifanye haraka. Kufunga milango peke yake kumekwisha jaribiwa katika nchi hii, tena kwa nguvu ambazo hakuna jumuiya ya Waislamu itakayoweza kuzipata. Kumbi za starehe za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya maradhi ya Korona, hazikufunguliwa mpaka tarehe 24 Januari 2022, na watu wakakatazwa kutembea usiku. Hapakuwa na dansi. Hata hivyo shule zilipofunguliwa Januari 2022, serikali ilibidi kuagiza kwamba wasichana wenye mimba na wale wanaonyonyesha wapokewe madarasani, kwa jinsi walivyokuwa wengi. Mambo hayo hayakutendeka katika ukumbi wowote. Yalitendeka majumbani, vichochoroni na mashambani, mahali ambapo palidhaniwa kuwa salama kwa sababu hapakuwa na muziki.

Huko Marekani nako, mji wa Seattle uliweka mwaka 1985 amri juu ya dansi za vijana, ikadai bima kubwa mno na askari wa kulipwa, hata wenye kumbi karibu wote wakaacha kuwakaribisha vijana. Mwaka 2002 mji ukaifuta amri hiyo na kuweka nyingine iliyo nyepesi. Walitaka kuwachunga vijana, wakajikuta wamewaondoa machoni pao.

Basi yapo maoni ya namna mbili, na kila moja lina maiti au majuto ya kuonyesha. Lililo bora kwa Arua na Koboko ni kukataa dansi ya usiku katika ukumbi wa kukodi, hata kama haina tone la pombe, kwa aliye chini ya miaka 18. Lakini katazo hilo halina haki ya kutolewa na jumuiya ambayo haikuandaa kitu kingine. Aliyekataza ndiye mwenye deni.

Deni lenyewe si zito mno. Uwanja wa wazi hauna mlango wa kukanyagana. Mchezo ukianza baada ya Adhuhuri na kwisha kabla ya Magharibi, hauhitaji bodaboda ya usiku wala jenereta. Wanubi wana doluka yao, Walugbara na Wakakwa wana ngoma zao, na vijana wana nyimbo zao za sasa, ambazo wazee si lazima wazipende. Inatosha maneno yake yasikilizwe kwanza na mtu mwenye haya. Vijana wenyewe wapewe kazi ya kuhesabu watu na kusimamia soda, kwa maana anayechunga mlango huwa mgumu kuliko mzee.

Wasichana ndio watakaosahauliwa, kama wanavyosahauliwa kila mara. Wavulana wakikatazwa dansi huenda mpirani. Dada zao huambiwa wakae jikoni wapike pilau ya Idi, kisha waoshe masufuria. Msichana ambaye Idi yake yote ni moshi, dirisha ndilo litakalomshawishi. Upande wao wa uwanja, saa yao, na walinzi wao, na viachwe kuamuliwa na akina mama, kwa kuwa wao ndio wanaojua njia zipi za mtaa wa Oli huwa giza mapema, na nani husimama njiani humo.