Wazee Walio Katika Makao, na Wajibu wa Chama Chetu

(Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya wazee wanaoishi katika makao ya wazee, na jinsi maisha yao yanavyokwenda humo. Twajua ya kuwa habari hii haipendezi masikioni mwa wengi. Tumelelewa tukiamini kwamba mzee hukaa kwa wanawe na hula katika chungu kimoja na wajukuu wake. Mtu akisikia kuwa mzee fulani yumo katika makao, swali lake la kwanza ni, “Watoto wake wamekwenda wapi?” Swali hilo ni la haki. Lakini tukiliuliza kisha tukaenda zetu, yule mzee atabaki pale pale alipo.

Kwanza yafaa tuwajue watu wenyewe. Wako waliokuja mjini wangali vijana kutafuta kazi ya reli, ya bandari au ya nyumbani kwa watu, wakakaa miaka mingi hata njia ya kurudi kwao ikaota nyasi. Wako akina mama waliowazika watoto wao wote. Wako ambao hawakupata kuoa wala kuolewa. Na huko Pwani, katika Kaunti ya Kilifi, wako wazee waliokimbia miji yao kwa kuwa mvi zao zilihesabiwa kuwa ushahidi wa uchawi. Kaya Godoma, katika sehemu za Ganze, imejulikana kuwa mahali pa kuwahifadhi wazee wa namna hiyo. Kumwambia mzee kama huyo arudi kwa jamaa zake ni kumrudisha penye panga.

Serikali nayo imeweka msingi. Katiba ya mwaka 2010 yasema kuwa mzee ni mtu aliyetimiza miaka 60, na hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba watu wa umri huo walikuwa karibu milioni 2.7 katika Kenya nzima. Mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ulipanuliwa kwa ajili ya wenye miaka 70 na zaidi, kila mmoja apate shilingi 2,000 kwa mwezi. Lakini twaomba mkitazame vema kifungu cha 57 cha Katiba hiyo. Kinataja haki nne za mzee, na haki ya kwanza si matunzo. Haki ya kwanza ni kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Matunzo ya jamaa na ya Serikali yametajwa mwisho. Waliotunga kifungu hicho walijua jambo ambalo kila mzee hapa alijua zamani: mtu aweza kushiba na bado akawa peke yake.

Tukiingia katika makao yanayoendeshwa vizuri, twaona mji mdogo wenye desturi zake. Asubuhi watu huoga, hunywa uji au chai, na muuguzi huwapima shinikizo la damu wanaohitaji. Wenye nguvu hushika jembe katika bustani ya sukuma wiki, au huwapa kuku chakula. Akina mama huchambua mboga na kuchagua maharagwe, na wengine husuka vyondo. Chini ya mti pana bao, na pana ugomvi wa bao. Redio ikianza taarifa ya habari, wote hunyamaza, kisha kila mmoja hutoa hukumu yake juu ya Bunge. Aliyekuwa fundi cherehani huletewa shuka zilizochanika. Aliyekuwa mwalimu huwasomea wenzake barua. Kazi hizi ni ndogo, lakini mtu anayengojewa na kuku wake ana sababu ya kuamka.

Shida iko katika mambo mawili. La kwanza ni lugha. Humo wote husema Kiswahili, kwa kuwa wametoka pande nyingi. Lakini baadhi ya wazee, akili ikichoka, Kiswahili huwatoka kwanza, na lugha ya mama hubaki. Hapo mzee husema siku nzima asipate wa kumjibu, na watumishi hudhani kwamba anapayuka tu. Kumbe anaomba maji, au anauliza habari za ng'ombe.

La pili ni wageni. Mwezi wa Desemba wageni hufika kwa magari, wakaleta sukari, mablanketi na nyimbo, wakapiga picha. Januari ikiingia, njia huwa nyeupe. Sukari hiyo nayo huwafikia watu ambao wengine wana ugonjwa wa sukari, hali nepi za wakubwa, sabuni na miwani havikuletwa, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Kisha mzee hufa. Siku hiyo simu hulia, jamaa hutokea, basi hukodiwa, na jeneza zuri hununuliwa. Hatusemi hayo kwa dhihaka. Kumsindikiza mtu hadi kwao ni jambo la heshima, na vyama vyetu vilizaliwa katika kazi hiyo. Katika miaka ya 1950 vyama kama Luo Union vilijulikana mijini kwa kuwasaidia wageni na kuwarudisha wafu makwao. Chama chetu kimerithi ustadi huo: orodha ya majina, zamu, mchango, nauli, na mtu wa kwenda mbele kutoa habari. Yote haya twayajua. Hoja ya Halmashauri ni kwamba ustadi huo huo utumike mzee angali hai.

Kazi hii haihitaji jumba. Mwaka 1839, huko Ufaransa, mwanamke aliyeitwa Jeanne Jugan alimchukua kikongwe kipofu akamlaza katika kitanda chake mwenyewe. Kutoka kitanda hicho lilitokea shirika la masista ambalo lina Nyumba ya Wazee pale Kasarani, Nairobi. Sisi hatuombwi kitanda. Twaombwa alasiri moja.

Basi Halmashauri yaleta mambo manne. Mosi, kila Jumamosi wanachama wawili waende kwa zamu kuwazuru wazee, na mmoja wao awe anajua lugha ya mzee anayezuriwa. Pili, wachukue daftari, na kwa ruhusa ya mzee waandike jina lake, la baba yake, ukoo wake na kijiji chake. Kwa daftari hilo tutaweza kuwatafuta jamaa zake wangali na nafasi ya kuketi naye. Lakini mzee akisema asitafutiwe mtu, neno lake litosheke, kwa maana twajua wengine walikimbia nini. Tatu, zawadi yo yote isinunuliwe kabla ya kumwuliza muuguzi mkuu. Nne, wazee wanaoweza kusafiri waalikwe katika mikutano yetu, wakae mbele, na waulizwe rai. Penye wazee haliharibiki neno, lakini ni lazima wawepo.

Wako watakaosema kwamba kwa njia hii tutawapa vijana ruhusa ya kuwaacha wazazi wao. Hofu hiyo ina uzito. Jibu letu ni kwamba zamu ya makao haiondoi zamu ya nyumbani. Mwanachama mwenye mama kijijini aanze kwake, na Mwandishi ataandika ziara hiyo katika daftari kama nyingine. Wako tena watakaouliza habari za fedha. Ada haitapanda, gharama ni nauli ya watu wawili kwa juma, na Mweka Hazina ameihesabu.

Nasi tulio vijana kidogo tukumbuke ya wahenga: mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Hoja iko mbele yenu. Ikipita, daftari la zamu liko mezani kwa Mweka Hazina. Limepigwa mistari hadi mwisho wa mwaka, na nafasi zote bado ni tupu. Twaomba majina ya mwezi wa kwanza yaandikwe kabla ya chakula.